Nakala za akiba: Seva yenye mamilioni ya faili itumie mfumo gani?

Katikati ya Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japan kilipoteza takriban faili milioni 34 za utafiti, zenye ukubwa wa terabaiti 77. Hazikuibwa na wadukuzi. Zilifutwa na programu ileile ya kuweka nakala za akiba, baada ya kufanyiwa maboresho yenye kasoro. Makundi 14 ya watafiti yaliathirika, na manne kati yao hayakuweza kurejeshewa data kutoka kwenye akiba.

Mkasa huo unaonyesha kwamba kuwa na akiba pekee hakutoshi. Namna seva inavyotunza faili ina uzito wake pia.

Mfumo wa faili ni nini?

Ni utaratibu ambao seva hutumia kupanga data kwenye diski: faili ipi iko wapi, ni ya nani na ilibadilishwa lini. Unafanana na rejista ya maktaba.

Kwa nini faili nyingi huchelewesha kazi?

Kinachochelewesha zaidi ni idadi, si ukubwa. Video moja ya gigabaiti 10 hunakiliwa upesi kuliko faili ndogo milioni moja zenye jumla hiyohiyo. Programu kama rsync hulazimika kupitia faili moja baada ya nyingine kuona ipi imebadilika. Kwenye diski za kuzunguka, muda mwingi huishia katika kutafuta, hata kama zilizobadilika ni chache.

Ext4 na XFS

Ext4, iliyokamilika mwaka 2008, ni imara na hutumika sana kwenye Linux. Hata hivyo, idadi ya juu ya faili hupangwa siku diski inapoandaliwa, kwa kawaida nafasi moja kwa kila kilobaiti 16. Faili zikiwa ndogo mno, diski inaweza kukataa faili mpya ingawa bado ina nafasi tupu.

XFS, iliyobuniwa na kampuni ya Silicon Graphics ya Marekani katika miaka ya 1990, huongeza nafasi hizo kadiri zinavyohitajika. Tangu toleo la 7 la mwaka 2014, ndiyo chaguo la kawaida la Red Hat Enterprise Linux. Lakini kama ilivyo kwa ext4, haihakiki yaliyomo ndani ya faili. Diski ikiharibu data kimyakimya, uharibifu huo hunakiliwa hadi kwenye akiba.

ZFS na Btrfs

ZFS ya Sun Microsystems, iliyotolewa kwa umma mwaka 2005, huweka namba ya uhakiki kwa kila kipande cha data. Ikiwa kuna nakala ya pili kwenye diski nyingine, hurekebisha kipande kilichoharibika. Pia huhifadhi, ndani ya sekunde chache, picha ya faili zote kama zilivyo wakati huo. Programu inayofuta faili za kawaida haigusi picha hizo. Aidha, seva hutuma vipande vilivyobadilika tu kati ya picha mbili, bila kupitia faili mojamoja.

Gharama yake ni kumbukumbu kubwa ya kompyuta, na leseni yake huifanya ikae nje ya kiini cha Linux. Btrfs, iliyoingia Linux mwaka 2009, ina uwezo unaokaribiana, lakini watengenezaji wake hawashauri kuitumia na mipangilio ya RAID 5 na 6.

Uchague upi?

Kwa seva ya akiba yenye mamilioni ya faili, ZFS ina faida kubwa, hasa ikiwa pande zote mbili zinaitumia. Kwa seva ndogo yenye kumbukumbu kidogo, XFS inatosha, mradi programu ya akiba ihakiki data yenyewe.

Hata hivyo, picha iliyo kwenye diski ileile huungua pamoja nayo. Weka nakala nyingine mahali pengine, na ujaribu kuirejesha kabla siku ya dharura haijafika.