Barabara ya Kusini: Historia ya Njia ya Pwani kutoka Uzaramo hadi Ruvuma

Barabara ya Kusini ni njia inayotoka Dar es Salaam kwenda Mtwara, mwendo wa kilomita 560 hivi. Ndani ya jiji huitwa Barabara ya Kilwa. Ikishaiacha Mbagala hupita Vikindu, Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, huvuka Mto Rufiji, kisha huifuata pwani kupitia Somanga, Nangurukuru na Lindi. Safari hiyo leo huwachukua abiria wa basi siku moja tu, lakini lami haikuungana mwanzo hadi mwisho mpaka miaka ya 2010. Kuchelewa huko kuna sababu mbili za zamani. Kwanza, watu wa pwani walikuwa tayari na barabara yao, nayo ni bahari. Pili, Rufiji na mabonde yake vilimzuia mpita njia wa nchi kavu karibu nusu ya mwaka.

Barabara ya majini iliendeshwa na pepo mbili. Kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi na kuyasukuma kusini. Kusi, inayoanza Aprili, iliyarudisha. Kwa mpango huo Kilwa Kisiwani ilikaa mahali pazuri kuliko miji mingine: chombo kilichotoka kaskazini kiliweza kufika huko na kurudi katika msimu mmoja, na dhahabu iliyotoka Sofala, bandari ya kusini zaidi, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wake. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alitoka Mogadishu kupitia Mombasa, safari yote kwa chombo. Wareno walioushambulia na kuupora mji huo mwaka 1505 nao walitoka baharini. Kwa karne nyingi hakuna aliyekuwa na haja ya kutembea kwa miguu kutoka mji mmoja wa pwani hadi mwingine, ila mvuvi aliyekuwa akienda kijiji cha jirani.

Njia za nchi kavu zilikuwa nyingi, lakini hazikuifuata pwani. Zilikata kutoka bara kwenda baharini. Uzaramo, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni wilaya za Kisarawe, Kibaha na Mkuranga, ilijaa vijia vya namna hiyo. Wazaramo walichimba sandarusi, utomvu wa kale ulioganda ardhini, wakaiteremsha pwani ili iuzwe kwa watengenezaji wa vanishi wa nje. Hadi leo umbo hilo halijabadilika sana. Zegereni, eneo la mji wa Kibaha lililotengwa kwa ajili ya viwanda, linategemea Barabara ya Morogoro, inayoelekea Dar es Salaam. Dereva wa lori anayepakia mzigo Zegereni kuupeleka Lindi kwa kawaida huelekea kwanza jijini, ndipo ageuze usukani kusini. Kisarawe yenyewe iliwahi kuwa na pwani yake: kabla Mkuranga haijamegwa na kuwa wilaya, bandari ndogo ya Kisiju, inakoondokea mashua za Mafia, ilikuwa ndani ya Kisarawe.

Njia ndefu ya miguu iliyofuata pwani ilianza kutumika kwa wingi kwa sababu ya kusikitisha. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga soko lao la Unguja. Biashara haikufa siku hiyo. Wafanyabiashara wa Kilwa Kivinje, bandari kuu ya watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa, waliwaondoa watu majahazini na kuwatembeza. Misafara ilipanda kaskazini kando ya bahari, ikavuka Rufiji, ikapita nyuma ya Dar es Salaam na kuendelea hadi Pangani, ambako palikuwa rahisi kuwavusha kwa siri kwenda Pemba.

Ofisa wa Kiingereza, Frederic Elton, alitembea kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa mwishoni mwa mwaka 1873 na mwanzoni mwa 1874. Katika muda wa mwezi mmoja hivi alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakipelekwa upande aliotoka yeye. Hesabu yake ilionyesha kwamba mkataba wa baharini ulikuwa umezaa njia ya nchi kavu, tena yenye mateso zaidi, kwa kuwa waliokuwa wakisafirishwa kwa siku chache chomboni sasa walitembezwa kwa majuma kadhaa. Mwaka 1876 Barghash alitoa tangazo la kuizuia pia misafara ya nchi kavu. Kwa hiyo watu wa kwanza kuipita njia ya pwani kwa maelfu hawakuipita kwa hiari yao.

Mwaka uliofuata, 1877, lilikuja jaribio la kwanza la kujenga barabara ya magurudumu katika eneo hilo. William Mackinnon, tajiri wa meli wa Uskoti, pamoja na Thomas Fowell Buxton, walianza kufyeka njia kutoka Dar es Salaam, wakikusudia kuifikisha Ziwa Nyasa. Kazi ilikwenda polepole kupita katika misitu ya Uzaramo, na mwaka 1881 iliachwa ikiwa imefika maili 70 na kitu. Mbung'o waliua wanyama wa kukokota magari, na nyasi zilirudi kila baada ya mvua. Funzo la barabara hiyo lilijirudia mara nyingi baadaye: upande wa kusini wa Dar es Salaam, kufungua njia ni kazi ndogo kuliko kuitunza.

Utawala wa Wajerumani uliofuata ulipanua njia kati ya boma na boma, na kazi hiyo walilazimishwa wenyeji waliokuwa pia wakitozwa kodi na kulimishwa pamba. Malalamiko juu ya mambo hayo yalilipuka Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, magharibi ya njia ya Kilwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kinga, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vya Maji Maji viliendelea hadi 1907 na kuenea kusini yote. Njaa iliyofuata ilihamisha vijiji vizima, na sehemu kubwa za nchi zikarudi kuwa pori.

Hata hivyo miguu ya watu ndiyo iliyoendelea kubeba mizigo ya kusini. Kuanzia 1909 hadi 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi. Hapakuwa na gari wala reli. Wapagazi waliibeba kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Vita Kuu ya Kwanza ilizidisha mzigo huo. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, na mwanzoni mwa 1917 mvua kubwa ziliyakwamisha majeshi ya Waingereza katika bonde lilelile. Wapagazi wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao.

Waingereza walipotawala Tanganyika hawakuiunganisha kusini kwa barabara ya kudumu. Mradi wao mkubwa huko, ule wa karanga ulioanza 1947, uliipa Mtwara bandari yenye kina na Nachingwea reli, lakini mawazo yalikuwa yaleyale: mzigo utoke bara kwenda baharini. Mradi ulianguka mwaka 1951, na reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya uhuru, Lindi na Mtwara zilibaki mbali na Dar es Salaam kuliko kilomita zake zinavyoonyesha. Mabasi na malori yalipanga foleni katika kivuko cha Ndundu kwenye Rufiji, na masika yalipoanza, udongo mzito wa bondeni uliyakwamisha magari hata kabla ya kufika kivukoni. Mikoa hiyo ikajikuta ikitegemea tena meli kama zama za majahazi, na korosho zake zikaendelea kuondokea bandarini.

Mabadiliko yalifuatana kuanzia mwanzo wa karne hii. Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja la Rufiji lenye urefu wa mita 970 hivi, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwenyeji wa Lupaso, Masasi. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliwatesa wasafiri kwa miaka mingine zaidi ya kumi kabla ya lami kukamilika. Upande wa mbali, Daraja la Umoja lenye mita 720 lilifunguliwa Mei 2010 juu ya Mto Ruvuma, huko Mtambaswala, na Tanzania ikaunganishwa na Msumbiji kwa gari bila kuvuka kwa pantoni.

Lami ilileta aina mpya ya msafiri: anayeshuka pwani na marafiki kwa matembezi, bila mzigo wa kuuza. Huko Australia na California, safari za namna hiyo zilikua pamoja na mchezo wa kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi, mchezo wa kale wa Wahawaii ambao Duke Kahanamoku aliuonyesha Australia kuanzia mwaka 1914. Barani Afrika kituo chake mashuhuri ni Jeffreys Bay, Afrika Kusini. Pwani ya Tanzania haikupata sifa hiyo ya mawimbi, na sababu iko majini. Madagaska inazuia sehemu kubwa ya mawimbi marefu yanayotoka bahari ya kusini, na yale yanayopita huvunjika kwenye miamba ya matumbawe iliyo mbali na ufuo. Kinachobaki ndani ya miamba ni maji tulivu ya kina kifupi. Maji hayo yanamfaa mvuvi wa ngalawa, na huko Paje, Unguja, yamewafaa wachezaji wa ubao unaokokotwa na kishada kikubwa, ambao misimu yao ni ileile ya mabaharia: kaskazi na kusi. Msafiri wa Barabara ya Kusini hufuata vitu vingine: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na ghuba ya Mikindani, alikoanzia David Livingstone safari yake ya mwisho mwaka 1866.

Njia hii haijaacha kutegemea maji. Mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliifikia pwani ya kusini baada ya miezi ya mvua za kupindukia. Mafuriko yalikata barabara mahali kadhaa kati ya Somanga na Mto Matandu, yakasomba tuta na makalvati, na mabasi ya Lindi na Mtwara yakakwama pande zote mbili. Daraja la Rufiji lilibaki imara. Palipobomoka ni pale vijito vidogo vilipopitishwa chini ya lami kwa makalvati membamba, katika mabonde kama yale yaliyokuwa yakiwakwamisha wapagazi na malori kwa zaidi ya karne moja. Kwa barabara hii, upana wa njia ya maji ni jambo la kwanza, na upana wa lami ni la pili.