Uhuru: jina la Kiswahili na siri ya nyota mbili

Wandugu wahitimu, tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilikuwa inasherehekea miaka 7 ya uhuru. Siku ileile, kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha roketi ya Marekani. Ilibeba satelite ya kilo 140 hivi. Mama Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi kule NASA, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kwa nini Malindi? Ni karibu na ikweta. Pale mzunguko wa dunia unaisaidia roketi kupata kasi. Tena satelite inayofuata ikweta inakwepa fasi ya mionzi mikali iliyo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambayo ingevuruga vipimo. Sasa, sisi Kisangani tuko nusu digrii tu kutoka ikweta. Basi kila saa moja na nusu hivi Uhuru ilikatiza anga la upande wetu, wakati mji ulikuwa bado unauguza vidonda vya 1964 na 1967.

Ilitafuta nini? Mionzi ya eksirei kutoka kwa nyota. Mionzi hiyo haifiki chini, hewa inaizuia. Tangu 1962 roketi ndogo ziliichungulia dakika chache tu, kisha zinaanguka. Uhuru ilikaa kulekule juu. Mwaka 1971 ikakuta kwamba Cen X-3, kwenye kundi la nyota la Centaurus, inapiga kama moyo, mara moja kila sekunde 4.8. Na ajabu: kila baada ya siku 2.1 hivi, eksirei inazimika karibu nusu siku, kisha inarudi.

Kumbe ni kupatwa! Nyota kubwa inapita mbele ya ndogo na kuificha, kama mwezi unavyoficha jua. Tena ile ndogo ikija upande wetu mapigo yanakaribiana, ikienda yanaachana. Hapo hakuna ubishi: nyota ni 2, na zinazungukana. Ndogo ni nyota ya nutroni, upana wake kama kilometa 20 tu, lakini uzito unapita wa jua. Inanyonya gesi ya mwenzake, na gesi ile ikianguka juu yake inafika joto la mamilioni ya digrii. Ndiyo inayotoa eksirei. Giza la nusu siku ndilo lililofichua mla na mliwa.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti, alipata Nobel mwaka 2002. Jina lilitoka kwetu, ikweta ni yetu, lakini hesabu zilipigwa Massachusetts. Wandugu, ikweta haijahama. Reli ya kwenda Ubundu inaikata mpaka leo. Wanaofundisha fizikia kati yetu wawaambie vijana habari hii, wajue kwamba anga la juu ya mji wao liliwahi kuwa njia ya elimu kubwa.