Dirisha dogo la usajili: ukiuza chipukizi au ukinunua mzoefu, nani amefaidika?

Kila dirisha dogo la usajili linapokaribia, vijiwe vya barabara ya Bagamoyo, kuanzia Bunju ulipo uwanja wa mazoezi wa Simba hadi Mapinga na Kerege, hugeuka kamati za usajili. Mmoja anasema klabu yake imemtupa kijana kwa bei ya chee, mwingine anasema imeleta mzee. Makala haya yanaeleza namna ya kupima biashara hizo.

Dirisha dogo ni nini?

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina vipindi viwili vya usajili kwa msimu. Dirisha kubwa huwa kabla ya ligi kuanza. Dirisha dogo huwa katikati ya msimu, karibu na mwaka mpya. Wakati huo kila klabu inajua iko nafasi ya ngapi. Anayenunua ana shida ya mechi zilizo mbele yake, anayeuza anaweza kusubiri. Ndiyo maana bei hupanda.

Kwetu mchezaji huuzwa kwa fedha, hutolewa kwa mkopo, au huondoka huru mkataba ukiisha. Kubadilishana mchezaji kwa mchezaji ni nadra. Kwenye besiboli ya Marekani ndiyo kawaida, hasa timu zinapowania ubingwa. Agosti 1987, Detroit Tigers walimchukua mrushaji Doyle Alexander, mwenye miaka 36, kutoka Atlanta Braves, na kuwapa kijana wa miaka 20 aitwaye John Smoltz. Alexander alishinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, na Tigers wakaongoza kundi lao. Lakini Smoltz alikuja kuitumikia Atlanta kwa miaka mingi, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Nani alifaidika? Kila upande ulipata ulichokitaka, ila mmoja ulipata cha miezi miwili na mwingine cha miaka ishirini.

Kipimo cha kwanza: mkataba umebaki muda gani?

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine, kisha kuondoka bure mkataba ukiisha. Kwa hiyo kila mwezi unaopita hupunguza bei yake.

Sakata la Feisal Salum linaonyesha hilo. Desemba 2022 alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga, ambao ulikuwa uishe mwaka 2024. Kamati ya TFF iliamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Juni 2023 Yanga ikamuuza kwa Azam. Kama Yanga ingekaza hadi mwisho, ingebaki na mchezaji asiyetaka kucheza, kisha angeondoka bila malipo. Kwa upande wa Azam, msimu wa 2023/24 walimaliza wa pili, na Feisal akawa miongoni mwa wafungaji bora wa ligi.

Kipimo cha pili: nani ataziba pengo?

Agosti 2021 Simba, bingwa mara nne mfululizo, iliachia nyota wawili kwa mpigo: Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri. Fedha ziliingia, lakini ubingwa wa 2021/22 ulikwenda Yanga, na Januari 2022 Chama akarudishwa Msimbazi. Hiyo haithibitishi kwamba kuuza kulikuwa kosa, kwani ubingwa hupotea kwa sababu nyingi. Inaonyesha kwamba kwenye bei ya nyota lazima uhesabu na gharama ya kupata mbadala.

Upande wa mnunuzi, Januari 2023 Yanga ilimleta Kennedy Musonda kutoka Power Dynamos ya Zambia. Hakuwa chipukizi wa kulelewa, alikuja kucheza mara moja. Msimu huo Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Kipimo cha tatu: umri na thamani ya kesho

Mbwana Samatta alitoka African Lyon, akapita Simba, na mwaka 2011 akauzwa TP Mazembe akiwa na miaka 18. Thamani yake kubwa ilikuja baadaye: ubingwa wa Afrika mwaka 2015, Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Aston Villa Januari 2020, akiwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Anayemuuza kijana wa umri huo hawezi kujua atafika wapi. Kinga yake ni kudai kwenye mkataba asilimia fulani ya mauzo yajayo.

Timu iliyomlea inapata nini?

Hapa ndipo timu zetu ndogo hupoteza. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Tuseme kijana wa Kerege ameuzwa nje kwa dola 400,000. Klabu iliyokuwa naye akiwa na miaka 13, 14, 15 na 16 inastahili asilimia 1.25, yaani dola 5,000. Lakini lazima klabu iwe imesajiliwa na kijana awe amesajiliwa kwayo. Timu ya mtaani isiyo na kumbukumbu haidai kitu, hata kama ndiyo iliyomfundisha kupiga mpira.

Ukisikia usajili mpya redioni, uliza:

- Mkataba wa anayeuzwa umebaki muda gani?
- Anayekuja anacheza kesho au baada ya miaka miwili?
- Aliyeuza amebakiza asilimia ya mauzo yajayo?
- Timu ya kwanza ya kijana ina karatasi za usajili wake?

Majibu ya maswali haya yatakusaidia zaidi ya kelele za siku ya utambulisho.