Kamera Iliyojua Zaidi ya Ilivyoruhusiwa

Mwaka 2003 kampuni ya Canon ilitoa kamera mbili ambazo ndani yake zilikuwa karibu ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza, 10D, ilitangazwa Februari kwa dola 1,499. Ya pili, 300D, ikafuata Agosti kwa dola 899 bila lenzi, na hapo ndipo kamera ya kidijitali ya kubadilisha lenzi iliposhuka kwa mara ya kwanza chini ya dola elfu moja. Zote mbili zilikuwa na sensa ya megapikseli 6.3 na prosesa ya DIGIC. Ile ya bei nafuu ilivaa plastiki badala ya chuma, na menyu yake ilikuwa fupi. Huwezi kurekebisha nguvu ya flashi. Huwezi kupandisha ISO hadi 3200. Mnunuzi akaamini, kama ambavyo mimi na wewe tungeamini, kwamba kanunua kitu kisicho na uwezo huo.

Haukupita muda mrefu, mdukuzi mmoja wa Urusi akaichokonoa programu ya ndani ya 300D, akabadilisha sehemu ndogo tu, akaisambaza bure. Watu wakaiweka kwenye kamera zao. ISO 3200 ikatokea, marekebisho ya flashi yakatokea. Havikutoka mbinguni, vilikuwemo tangu kiwandani, mtu aliamua tu kuvificha ili wenye dola 1,499 wasijione wajinga.

Najua hii ni blogu ya vitabu, na kuna atakayeuliza kamera imeingiaje. Nivumilie kidogo. Kwa jinsi ninavyoiona, hii ni historia ya wasomaji.

Programu ya ndani ya kamera ni maandishi. Siyo kwa mafumbo, ni hivyo hata kisheria. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994 unazitaka nchi wanachama zilinde programu za kompyuta kama kazi za fasihi, na hata Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaziweka programu kwenye kapu moja na vitabu, vijitabu na maandishi mengine. Kwa hiyo ukinunua kamera au simu unabeba ndani yake kitabu kirefu. Tofauti na riwaya uliyonunua dukani, kitabu hiki hutakiwi kukifungua, achilia mbali kuandika pembeni kwa penseli.

Waliokifungua walianza na tatizo la msingi kabisa: kukipata. Mnamo mwaka 2006 na 2007 hivi, kikundi cha watu kutoka nchi mbalimbali, wengi wakijulikana kwa majina ya bandia, walianza kuzichunguza kamera ndogo za PowerShot, zile za kuweka mfukoni. Maandishi yalikuwa ndani ya chipu, na kamera haikuwa na mlango wa kuyatoa. Sasa angalia walichofanya. Waliandika kijiprogramu kidogo mno, wakakipakia kwenye kamera kama vile ni maboresho rasmi. Kazi yake ilikuwa moja: kusoma kumbukumbu ya kamera kutoka mwanzo hadi mwisho na kuikonyeza nje kwa taa. Ile taa ndogo inayowaka kamera ikiwa kazini, ndiyo hiyo. Mbele ya taa wakaweka kifaa cha elektroniki kinachohisi mwanga, waya wake wakauchomeka kwenye tundu la kipaza sauti la kompyuta, wakarekodi. Mikonyezo ikawa sauti, sauti ikageuzwa kuwa namba. Kamera inakaa mezani saa nzima, masaa, inakonyeza tu kama mtu mwenye siri kubwa na jicho moja.

Walichopata mwishoni hakikuwa lugha ya mtu. Zilikuwa amri za prosesa, mamilioni ya namba, bila maelezo, bila majina. Aliyewahi kusoma hati za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu atawaelewa vizuri watu hawa. Hati zile mara nyingi hazitofautishi e na i, wala o na u, kwa hiyo inabidi ulijue neno kwanza ndipo uweze kulisoma. Unakamata mahali pamoja penye uhakika, kisha unasogea. Wao walishikilia vipande vichache vilivyosomeka, kwa mfano jumbe za makosa ambazo wahandisi waliziacha humo kwa matumizi yao wenyewe. Ukikuta maneno yanayohusu shata, basi amri zilizo jirani huenda zinahusu shata. Unajaribu. Unakosea, kamera inazima. Unajaribu tena.

Kilichozaliwa kinaitwa CHDK, na kuna jambo moja ndani yake ambalo nalipenda: hakifuti kitu. Hakiandiki juu ya programu ya kiwandani. Kinakaa kwenye memori kadi. Kile kitufe cha plastiki cha pembeni mwa kadi, cha kuifunga isiandikwe, ukikisukuma, kamera nyingi za aina ile zinawaka na kupakia kwanza kilichomo kwenye kadi. Ukikirudisha, mambo yamekwisha, ni kamera ileile ya dukani. Kwa njia hiyo, kamera ya mtalii ikapata picha ghafi zisizobanwa, ikapiga picha yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa, ikaweza kuvizia radi na kuinasa, ikapokea amri alizojiandikia mwenye nayo. Septemba 2009 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, waliifunga PowerShot ya bei rahisi yenye CHDK kwenye puto la hali ya hewa. Mradi mzima uligharimu chini ya dola 150. Kamera ikapanda zaidi ya kilomita 28, ikajipiga picha zake, ikarudi na mbingu nyeusi na ukingo wa dunia uliopinda.

Mwaka huohuo msomaji mwingine alikuwa kazini, safari hii kwenye kamera kubwa. Canon 5D Mark II ilitangazwa Septemba 2008. Ilirekodi video ya HD kamili kwa sensa yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, na watengenezaji filamu wasio na hela walipagawa, kwani ule ukungu mzuri wa nyuma ya mwigizaji, ambao zamani ulihitaji vifaa vya kukodi kwa siku, sasa ulikaa begani. Ila ilikuwa na ukaidi wake. Mwanga wa video ilijipangia yenyewe. Ilirekodi fremu 30 tu kwa sekunde, wakati sinema inataka 24. Na sauti, ewe! Mtu akinyamaza, kamera ilijipandishia usikivu ikidhani imepitwa na jambo, ikanasa feni, jenereta na jogoo wa jirani.

Mhandisi Mmarekani Trammell Hudson akaandika programu aliyoiita Magic Lantern, jina la mashine ya kale ya kuonyesha picha ukutani kwa taa. Toleo la kwanza lilihangaika sana na sauti: lilizima ule upandishaji wa kujiamulia, likaonyesha kwenye skrini kiwango cha sauti inayoingia. Wengine wakaongeza yao, programu ikahamia kwenye kamera nyingine. Canon nao hawakulala. Katikati ya mwaka 2009 walitoa maboresho rasmi ya kuruhusu mtu ajipangie mwanga, na Machi 2010 wakaleta fremu 24 na 25. Ni kamera ileile, sensa ileile, hakuna skrubu iliyofunguliwa. Mei 2010 kipindi cha mwisho cha msimu wa tamthilia ya House kikaonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani, kimepigwa kwa kamera hiyo.

Kilele kilikuja mwaka 2013, wasomaji hao walipogundua namna ya kurekodi video ghafi ya biti 14 kwenye 5D Mark III. Kamera hiyo ilitoka kwa dola 3,500. Canon walikuwa na kamera ya sinema, C300, iliyoingia sokoni kwa zaidi ya dola 15,000, na yenyewe haikurekodi video ghafi. Hapo unaona kilichokuwa kinalindwa. Na wadukuzi hawakuwa vichaa pia: walijiwekea mpaka wa kutoigusa familia ya 1D, kamera za bei ya juu kabisa, kwa kutotaka kuichokoza kampuni.

Kwenye simu hadithi ilikuwa na kelele zaidi, na mimi naipenda kidogo kupunguzia. iPhone ya kwanza, Juni 2007, iliuzwa imefungwa kwenye mtandao mmoja wa Marekani. Agosti, kijana wa miaka 17 wa New Jersey, George Hotz, akaifungua, akaibadilisha na gari aina ya Nissan 350Z na iPhone nyingine tatu. Gari limesimuliwa mno. Kuna jambo dogo linalonigusa zaidi: simu ile ilikuwa na kamera lakini haikurekodi video. Mwaka 2008 Jay Freeman alitoa Cycorder, programu ya kurekodi video kwa simu zilizotolewa kifungoni, zikarekodi. Apple wenyewe walileta video Juni 2009, kwenye simu mpya ya 3GS. Wenye simu za zamani hawakupewa.

Je, ni halali? Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli za kidijitali zinazolinda kazi zenye hakimiliki, na mwenye mamlaka ya kutoa misamaha ni Mkutubi wa Maktaba ya Bunge. Ndiyo, mkutubi. Ofisi ya hakimiliki iko chini ya maktaba, na programu ni kazi ya fasihi, kwa hiyo suala la simu yako linaishia kwa mtu wa vitabu. Mwaka 2010 mtu huyo alikuwa James Billington, mwanahistoria wa utamaduni wa Urusi. Apple walipinga. Julai 2010 Billington aliamua kwamba mwenye simu anaweza kuifungua ili aweke programu alizozipata kihalali. Miaka miwili baadaye ofisi hiyohiyo ikakataa kuendelea na msamaha mwingine, wa kuhamisha simu mpya kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Zaidi ya watu 100,000 wakasaini ombi la kupinga, na Agosti 2014 Rais Obama akatia saini sheria ya kuurudisha.

Huku kwetu hatukumsubiri mkutubi. Nikiwa chuo, modemu za USB ziliuzwa zimefungwa kwenye laini moja, na bwenini hakukosekana mtu wa kukupigia hesabu ya namba ya kuifungulia kwa bei ya chipsi yai. Kariakoo mafundi walikuwa na viboksi vyao na waya za kila aina, na "kuflashi simu" likawa neno la kila siku. Tuliita ufundi, hatukuona siasa ndani yake. Mpaka wa kisheria ulikuwepo, ila mahali pengine: Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya 2010 iliharamisha kubadili IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na Juni 2016 TCRA walipozima simu bandia, wengi ndipo walipojua kwamba simu ina namba hiyo.

Na nisiwapambe wasomaji hawa kupita kiasi. Maarifa hayachagui mkono. Agosti 2019 watafiti wa kampuni ya usalama ya Check Point walionyesha jinsi ya kuiteka kamera ya Canon 80D kwa Wi-Fi, kuzifunga picha zote na kudai fidia. Sehemu ya njia ilikuwa imeshasafishwa na watu wa Magic Lantern, ambao walikuwa wamesoma programu ya Canon na kuandika walichokielewa hadharani. Canon wakatoa maboresho ya kuziba. Ukiniuliza, mdudu alikuwemo kwenye kitabu kabla hakijasomwa, na nashukuru aliyemwona kwanza alikuwa mtafiti. Lakini simcheki mwenye kampuni anayeogopa. Naye ndiye anayerudishiwa kamera iliyokufa na mtu anayeapa kwamba hajaigusa.

Mimi mwenyewe kamera yangu ya kazi ni ya mtumba, na ina Magic Lantern. Niliiweka usiku mmoja huku mikono ikitetemeka, betri imejaa, nimesoma maelekezo mara tatu. Nilikuwa na mahojiano na mzee mmoja anayeongea polepole, ananyamaza sana kati ya sentensi, na kwenye kila ukimya kamera ilikuwa inajaza feni. Baada ya hapo ukimya wake ukabaki ukimya.

Programu yenyewe iko kwenye kadi moja tu, nimeiwekea alama ya kalamu nyekundu. Nikiweka kadi nyingine, kamera inaamka na menyu yake fupi ya dukani. Wiki iliyopita mdogo wangu aliiazima, akapiga harusi nzima Mbagala. Kadi nyekundu ilikuwa mfukoni mwangu.