Gofu Iliishia Nanyuki

Chukua ramani ya Kenya, weka alama kila mahali walowezi walifungua klabu ya gofu. Nairobi 1906, Muthaiga 1913, halafu Nyeri, Nakuru, Njoro, Kitale, Eldoret, Kericho. Ukimaliza utaona umechora kitu unachokijua tayari: reli, na mashamba ya wazungu kando yake. Ukija upande wetu, alama ya mwisho ni Nanyuki, na reli pia iliishia hapo. Kutoka Nanyuki hadi Isiolo ni kama kilomita 80 tu. Kwetu hakuna alama.

Najua kuna mtu atasema, sasa gofu na Bulla Pesa wapi na wapi? Watu wanatafuta maji, wewe unatafuta mashimo. Ngoja kwanza, nitafika.

Serikali ya mkoloni haikuiona Isiolo kama mji wa kuishi. Ilikuwa geti. Kulikuwa na sheria ya wilaya za mbali ya 1902, halafu ile ya wilaya maalum ya 1934, na kwa sababu yazo huwezi kuingia Northern Frontier District wala kutoka bila kibali. Ng'ombe nao walikuwa na kibali chao: kwarantini. Mifugo kutoka kaskazini ilizuiliwa hapa ndiyo isiwapelekee ng'ombe wa walowezi magonjwa. Hata leo mtu akikuambia anaishi LMD, anataja mabaki ya mambo hayo. Uhuru ukaja, na mwezi huohuo wa Desemba 1963 hali ya hatari ikatangazwa huku. Iliondolewa 1991. Wazee wetu wakisafiri kwenda Nairobi walikuwa wanasema "naenda Kenya", na hawakuwa wanachekesha.

Maafisa wenyewe hawakukosa starehe. Kule Wajir walikuwa na klabu yao wakaiita Royal Wajir Yacht Club. Klabu ya mashua, Wajir, penye visima na ngamia. Ucheshi wa mtu mwenye kibali.

Sasa gofu yenyewe. Mwezi uliopita mimi na beshte yangu wa hapa mtaani tulienda upande wa Nanyuki, kwenye uwanja ambao hatukuwa tumewahi kukanyaga. Mtu anayefanya kazi naye ni mwanachama, akatualika. Mashimo 9, fimbo za kuazima. Beshte yangu alipiga hewa mara tatu kabla mpira haujasonga, na ulipokubali kusonga uliingia kwa miti. Mimi niliacha kuhesabu kwa shimo la nne nikiwa na mapigo 41. Lakini hiyo nyasi, wasee! Ukitoka kwa vumbi la huku, unaogopa hata kuikanyaga na viatu.

Aliyetubebea mfuko alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Wanaitwa kedi. Alituambia alianza akiwa mtoto wa shule, analipwa sarafu kadhaa, na jioni wazungu wakienda kunywa wao wanapiga mipira iliyopotea kwa fimbo walizochonga wenyewe. Alituuliza tumetoka wapi.

"Isiolo, mzee."

"Aa, Isiolo ya Wasomali."

Beshte yangu ni Mturkana. Alicheka tu.

"Nyinyi vijana mnashika fimbo kama mnachunga," mzee akasema, halafu akamrekebisha vidole kimoja kimoja, kwa upole sana.

Hapo ndipo kitu kilinishika. Klabu hizi zilimfungia Mwafrika mlango wa mbele, hiyo inajulikana. Lakini kusini kulikuwa na mlango wa nyuma. Mtoto maskini aliingia na mfuko begani, akatazama, akajifunza. Dismas Indiza alianza kama kedi kule Mumias, na akaja kuwa mmoja wa maprofeshono wakubwa wa nchi hii, anacheza Kenya Open, mashindano yaliyoanza 1967. Mlango wa dharau, sawa, lakini ulikuwa mlango.

Linganisha na Kibera. Kibera na Isiolo zina chimbuko linalofanana: askari wa mwingereza. Wanubi wa King's African Rifles walipewa kukaa Kibera, na 1918 eneo likatangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Wasomali wa Isaaq na Herti waliopigana Vita vya Kwanza walikuja kukaa Isiolo. Wote hawakupewa hati. Ila Kibera ilipakana na Royal Nairobi, ile nyasi unayoiona kwa picha za kutoka angani, kijani upande huu, mabati upande ule. Picha inaudhi, lakini mtoto wa Kibera angalau alivuka ukuta akiwa na mfuko. Sisi tulipewa geti, na geti halina kedi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniite profesa. Lakini niambie kama hii ni historia ya zamani: Ruwaza ya 2030 iliweka Isiolo kwenye orodha ya miji ya kitalii ya LAPSSET, na yetu ilipangiwa Kipsing. Hoteli, wageni, ndege kutoka uwanja wetu. Mji wa aina hiyo ukijengwa sitashangaa nyasi ikija nao, na mashimo yake 18. Ardhi nyingi ya kaunti hii bado ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema isiposajiliwa, kaunti ndiyo inaishika kwa niaba yenu. Fidia ikija, inaingia akaunti ya kaunti mpaka msajili. Kwa hivyo mzee wangu, mama yangu, mkiitwa mkutano wa usajili wa ardhi msitume mtoto. Nendeni wenyewe, na majina yote yaandikwe, ya wasichana pia.