Picha Ina Wenyewe

Walimu wenzetu, mchezo wa watoto wa kuunganisha vipande vya picha ulianza kama chombo cha kufundishia. Katika miaka ya 1760, John Spilsbury, mchora ramani wa London, alibandika ramani juu ya ubao akaukata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili mtoto ajifunze jiografia kwa mikono yake.

Siku hizi baadhi ya vipande hivyo huunda michoro ya wenyeji wa asili wa Australia. Tusidhani kuwa nukta na duara zile ni mapambo matupu. Duara huweza kuwa kisima au kambi. Mstari, njia waliyopita wahenga. Hiyo nayo ni ramani, tena ina wenyewe.

Wenyewe hao hawakuheshimiwa daima. Mwaka 1966 noti ya dola moja ya Australia ilitolewa ikiwa na mchoro wa David Malangi, naye hakuombwa ruhusa. Mwaka 1971, wakitiwa moyo na mwalimu Geoffrey Bardon, wazee wa Papunya walichora hadithi ya sisimizi wa asali kwenye ukuta wa shule. Mwaka 1974 ukuta ukapakwa rangi, mchoro ukafutika. Mwaka 1994 ndipo mahakama ilipowapa haki wachoraji ambao kazi zao zilinakiliwa katika mazulia bila idhini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kabla ya kumwaga vipande mezani, tutafute sandukuni jina la mchoraji na watu wake, tuwasomee watoto. Somo lianzie hapo.