Mizani ya Mwili katika Viwanja vya Dutwa: Michezo ya Nje na Historia ya Tiba ya Kupepesuka

Dutwa, kata ya Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, iliyo kando ya barabara itokayo Lamadi kwenda Bariadi mjini, hutajwa na wataalamu wa madini kwa ajili ya nikeli ya vilima vya Wamangola na Ngasamo, na hutajwa na wafanyabiashara kwa ajili ya pamba, lakini ina historia nyingine ambayo haijatazamwa vya kutosha, nayo ni historia ya namna Wasukuma wa sehemu hizo walivyoufunza mwili kusimama, kugeuka, kuruka na kutua bila kuanguka. Historia hiyo haikuhifadhiwa kama historia ya tiba, bali iliishi katika ngoma za mashindano, katika kilimo cha pamoja na, baadaye, katika mbio za baiskeli. Hata hivyo, ikiwekwa kando ya historia ya fiziotherapia, yaani taaluma ya kutibu kwa mazoezi ya viungo, na hasa tawi lake linalowahudumia watu waliotibiwa uvimbe wa ubongo, inadhihirika kwamba njia hizo mbili zinafuata kanuni moja: mizani ya mwili iliyopotea hurudi kwa kujaribiwa mara nyingi, wala hairudi kwa kulindwa kitandani.

Mizani ya mwili, yaani uwezo wa mtu kukaa wima na kutembea bila kupepesuka, hutegemea taarifa za aina tatu zinazoufikia ubongo kwa wakati mmoja, kwani macho huonyesha mwili ulipo, mifereji midogo yenye majimaji katika sikio la ndani hutambua kichwa kinapogeuka au kuinama, na neva za nyayo, vifundo na misuli hueleza uzito umeegemea upande gani. Serebelamu, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, huzilinganisha taarifa hizo na kusahihisha mwendo kabla mwenyewe hajatambua kwamba amekosea. Uvimbe unaoota katika serebelamu, kama ule uitwao medulobilastoma ambao huwapata zaidi watoto, au unaoota kwenye neva ya sikio, ambao huwapata zaidi watu wazima, huuvuruga ulinganifu huo. Tiba nayo huacha alama zake: upasuaji unaweza kuigharimu neva ya mizani ya upande mmoja, mionzi inaweza kudhuru sehemu zilizo jirani na uvimbe, dawa ya sisplatini inaweza kuharibu sikio la ndani, na vinkristini huweza kudhoofisha neva za miguu. Kwa hiyo mgonjwa huweza kuambiwa kwamba uvimbe umeondoka, na bado akashindwa kwenda msalani usiku bila kushika ukuta, kwa sababu gizani macho hayawezi kumsaidia kufidia kile ambacho sikio na miguu vimepoteza.

Maarifa haya yalikusanywa polepole. Mnamo 1824 Mfaransa Pierre Flourens alieleza jinsi njiwa walioondolewa serebelamu walivyobaki na nguvu zao lakini wakashindwa kuratibu mwendo wao. Katika Vita Kuu ya Kwanza daktari Gordon Holmes aliwachunguza askari waliojeruhiwa kisogoni, akabainisha namna mkono unavyopitiliza kitu unachokilenga na mguu unavyokanyaga mahali pasipokusudiwa. Mwaka 1917 Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu uvimbe wa neva ya sikio, na kazi yake ikachangia sana kupunguza vifo vilivyofuata upasuaji wa aina hiyo. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo zamani halikuwa na mwenye kuliuliza, kwani wagonjwa walikuwa wakifa: aliyenusurika ataishije na mwili unaoyumba?

Jibu la kwanza lilikuwa limekwisha kupatikana, tena kwa bahati, katika mji mdogo wa Heiden nchini Uswisi. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Heinrich Frenkel alimpima mgonjwa aliyekuwa amepoteza uratibu wa viungo kwa ugonjwa wa uti wa mgongo uliotokana na kaswende, akamtaka aguse pua yake kwa kidole, na mgonjwa akashindwa. Aliporudi baada ya miezi kadhaa aliweza, na daktari aliposhangaa aliambiwa kwamba mgonjwa, kwa kuona aibu ya kushindwa, alikuwa amejizoeza nyumbani. Frenkel akajenga juu ya tukio hilo mfululizo wa mazoezi ya polepole yanayofanywa kwa kulala, kukaa, kusimama na kutembea, ambayo wataalamu wa viungo wanayafundisha hadi leo. Kinachostahili kukumbukwa hapa ni kwamba ugunduzi ulikuwa wa mgonjwa kabla ya kuwa wa daktari.

Hatua ya pili ilichukuliwa Uingereza katika miaka ya 1940, wakati Terence Cawthorne, daktari wa masikio, na F. S. Cooksey, mtaalamu wa tiba ya viungo, walipowahudumia watu waliojeruhiwa kichwani au kupasuliwa sikio la ndani. Wakati huo wengi waliamini kwamba mwenye kizunguzungu anapaswa kulala tuli, ilhali wao waliona kwamba wale walioinuka mapema na kujishughulisha walipona upesi zaidi, wakatunga mazoezi yanayoanza kwa kusogeza macho kitandani, yakaendelea kwa kugeuza kichwa, kuinama na kusimama, na kuishia katika michezo: kumzunguka mtu aliyesimama katikati huku wakirushiana naye mpira, kupanda na kushuka mteremko, kucheza mchezo wowote unaodai kuinama, kujinyoosha na kulenga. Mazoezi hayo yalifanywa kwa makundi, kwa kuwa mgonjwa anayemwona mwenzake akivumilia kizunguzungu hupata moyo wa kukivumilia chake. Sababu ya kibiolojia ya kufaa kwa mazoezi hayo ni hii: kosa dogo linalotokea mwili unapoyumba ndilo linaloufundisha ubongo kurekebisha, na mahali ambapo kosa halitokei kamwe, kama kitandani, ubongo hauna cha kujifunzia. Miaka hiyohiyo, mnamo Julai 1948, Ludwig Guttmann aliwashindanisha majeruhi wa uti wa mgongo kwa upinde na mshale katika viwanja vya hospitali ya Stoke Mandeville, na kuanzia hapo michezo ya nje ikapata heshima ya kuwa sehemu ya matibabu.

Wakati huohuo viwanja vya Usukuma vilikuwa na utaratibu wao uliokwisha kukomaa. Simulizi za Wasukuma huwataja Ngika na Gumha, waganga na wachezaji wa karne ya 19, kuwa waanzilishi wa vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo vimeendelea kushindana kizazi hadi kizazi, na katika mashindano hayo mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Msimu wake ni baada ya mavuno, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, ghala zinapokuwa na kitu na ardhi ikiwa kavu. Kwa kuwa hukumu ilikuwa mikononi mwa watazamaji, kila kundi lililazimika kubuni jambo la kuwashangaza, na jambo lililowashangaza watu mara nyingi lilikuwa ni mizani: mtu kucheza na chatu mzito mwilini, kama wafanyavyo Bayeye, ambao ni chama cha mafundi wa nyoka, au kurusha jembe hewani, kugeuka na kulidaka.

Ngoma ya jembe, bugobogobo, inastahili kutazamwa kwa makini kuliko nyingine. Asili yake ni kazi, kwani vikundi vya vijana vililima shamba la mtu mmoja baada ya jingine huku ngoma ikipigwa pembeni ili majembe yapande na kushuka pamoja, na ukubwa wa mashamba ya pamba ulivihitaji vikundi hivyo zaidi. Mtafiti Frank Gunderson, aliyekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzichapisha katika kitabu mwaka 2010, ameonyesha jinsi kilimo na ngoma vilivyokuwa shughuli moja katika maisha ya watu hao. Kwa jicho la fiziotherapia, mchezaji wa bugobogobo huinama hadi magoti yakunjike, huhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, hugeuza kichwa huku macho yakifuata chombo kinachokwenda juu, na hufanya yote hayo kwa mdundo wa nje unaomwambia lini akanyage. Mdundo huo si pambo tu, kwa sababu mtu ambaye saa ya ndani ya mwendo wake imevurugika huweza kusaidiwa na sauti inayokuja kwa vipindi sawa kupanga hatua zake.

Ipo pia wigashe, ngoma inayochezwa kwa kukaa, ambapo kiwiliwili, mabega, shingo na mikono ndivyo vinavyocheza. Wataalamu wa viungo humfundisha mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kisogo kukaa bila kuegemea kabla ya kumfundisha kusimama, kwa sababu miguu haiwezi kubeba kiwiliwili kisichojitawala, na Usukuma ulikuwa tayari na ngoma nzima ya kazi hiyo. Hakuna aliyeitunga wigashe kwa ajili ya wagonjwa, lakini si haki kuiacha kando kwa sababu hiyo, maana mpira wa Cawthorne na Cooksey nao haukubuniwa kwa ajili ya sikio la ndani.

Ardhi yenyewe ni sehemu ya historia hii. Wasukuma wameigawa kwa majina ambayo wataalamu wa kilimo waliyachukua kutoka kwao: luseni ni udongo wa kichanga wa sehemu za juu, itogolo ni udongo mgumu wa miteremko, na mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa mguu wakati wa masika. Mtu anayetoka luseni kwenda mbuga hulazimika kubadili namna ya kukanyaga, na neva za nyayo zake hupata kazi ambayo sakafu ya saruji haiwezi kuzipa. Kilimo cha matuta, ambacho serikali ya kikoloni ilitaka kukieneza kwa amri pamoja na matuta yaliyofungwa katika mpango wake wa maendeleo ya Usukuma wa 1947 hadi 1956, na ambacho wakulima walikipinga kwa sababu ya amri zenyewe na ugumu wa kazi, kiliacha mifereji myembamba inayomlazimu apitaye kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine, na hicho ndicho kipimo ambacho daktari humpa mgonjwa anapotaka kujua hali ya serebelamu.

Fedha za pamba ndizo zilizoleta baiskeli. Chini ya uongozi wa Paul Bomani wakulima wa kanda ya ziwa waliunganisha vyama vyao vya ushirika mnamo 1955, na baiskeli ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mkulima alivinunua baada ya kuuza, ikabeba marobota, maji, wagonjwa na abiria, hata mwishowe ikawa mchezo, nao mchezo unaodai mizani. Mashindano ya baiskeli yaliyofanyika Mwanza mwishoni mwa miaka ya 2000 yalikuwa na kundi la watu wenye ulemavu, na mwishoni mwa muongo uliofuata, Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa Mkoa wa Simiyu, tamasha la mkoa liliunganisha mjini Bariadi mbio za baiskeli na ngoma za Bagika na Bagalu katika sherehe moja.

Kwa upande wa hospitali, mambo yalichelewa. Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zote zilifunguliwa mwaka 1971, na Moshi ikawa chimbuko la mafunzo ya wataalamu wa fiziotherapia nchini Tanzania. Taasisi ya mifupa ya Muhimbili, ambayo pia ni kituo kikuu cha upasuaji wa ubongo, iliundwa kwa sheria ya 1996. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Dutwa aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mpaka Bugando ilipoanza kutoa huduma hiyo katika miaka ya 2010. Umbali huo una maana kubwa kwa tiba ya mizani, ambayo huhitaji mazoezi ya kila siku kwa miezi, ilhali mgonjwa huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya majuma machache, naye hufika kijijini ambako upendo wa ndugu humkalisha kivulini asichoke. Kumkalisha huko, pamoja na wema wake wote, ndiko Cawthorne na Cooksey walikokupinga.

Kumtoa nje hakumaanishi kumtoa ovyo. Aliyepasuliwa ubongo anaweza kupata degedege la kifafa, kwa hiyo baiskeli barabarani na kuogelea lamboni havimfai mpaka daktari aridhie, na baiskeli ya magurudumu matatu ni njia salama zaidi ya kuanzia. Ambaye mfupa wa fuvu ulioondolewa wakati wa upasuaji haujarudishwa hapaswi kukaribia majembe yanayorushwa. Na aliyetibiwa kwa mionzi huchoka upesi, hasa jua la saa saba la Simiyu linapowaka. Mpangilio unaofaa unaweza kuanza na wigashe asubuhi, ukafuatiwa na matembezi ya luseni akiwa na mtu ubavuni, kisha hatua za bugobogobo kwa mikono mitupu, na jembe likaja mwishoni. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, ndiye ajuaye kupunguza mdundo ili wanaojifunza waufuate, na mtaalamu wa viungo wa hospitali ya wilaya ndiye ajuaye ni lini uongezwe, kwa hiyo kazi hii inawahitaji wote wawili katika uwanja mmoja, kuanzia Juni pamba inapovunwa hadi mvua za Novemba zinapowarudisha watu mashambani, ambako mgonjwa aliyepata nafuu huendelea na mazoezi yake kwa kutembea kati ya matuta.